Shingo Iliyonukia Mbege

Mwezi uliopita niliamka katika chumba nilichokuwa nimepanga mjini Moshi, nikakunja shuka, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikatoka na begi moja. Sikuwa na safari. Nilipofika barabara kuu nilikuta lori limesimama na utingo anakunja turubai, nikamuuliza wanaelekea wapi. Akasema Singida. Singida nilikuwa sijawahi kufika, na kwangu hiyo huwa ni sababu ya kutosha.

Dereva alinitazama, akalitazama begi. "Dada, unamkimbia mume au unawakimbia polisi?"

"Nakimbia jiko. Nimechoka kupika."

Akacheka, akasogeza jaketi lake nikae.

Lile lori lilikuwa limeshusha ulezi kwa wapika pombe, sasa linarudi tupu. Mvua ilikuwa imelikuta njiani, na punje zilizobaki kwenye nyufa za mbao zilikuwa zimeota vichipukizi vyeupe kama meno ya panya. Jua lilipopanda, harufu ikaanza kuingia mbele kupitia kidirisha cha nyuma: tamu, chachu kidogo, kama uji uliosahaulika kwenye chungu. Dereva akaomba radhi, akasema hiyo ndiyo harufu ya pombe ya Wachaga, hata ukiosha lori haitoki. Nikamwambia asijali. Yeye alisikia pombe. Mimi nilisikia gitaa la umeme, na kuanzia hapo hadi tulipofika sikuwa tena ndani ya lori.

Tulikuwa tunaishi Shirimatunda, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la nje, mahali ambapo mji ulikuwa bado unabishana na mashamba ya mahindi. Baba alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Alikuwa anapotea wiki nzima, kisha anarudi ana ngozi ya pua imebanduka, mfukoni ana biskuti zilizobaki na kichwani ana habari za ajabu. Mama alikuwa mzaliwa wa Old Moshi. Kabla hajaolewa ndiye aliyekuwa anapiga gitaa la kwaya ya usharika wao, kitu ambacho nilikuwa nakisikia tu kama watoto wengine wanavyosikia kwamba mama zao walikuwa wanakimbia riadha. Sikuwahi kumwona ameshika gitaa. Nilikuwa namwona ameshika mwiko, jembe na masikio yangu.

Halafu mjomba Elinami, kaka yake, aliyekuwa anapiga muziki Arusha, akatuma mzigo. Ulikuja umefungwa kwenye blanketi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mti kilichopakwa rangi nyekundu kama nyanya, laini, chenye pembe mbili na vitufe vya kuzungusha, na kwenye mfuko wa plastiki kulikuwa na funguo ndogo za kukazia nyuzi. Nilidhani ni ubao wa kukatia nyama wa watu wenye uwezo. Mama akasema ni gitaa, ila kiwiliwili tu. Shingo ilikuwa imevunjika vipande juu ya keria ya basi, chini ya gunia la mtu. Mjomba alikuwa amenunua jingine, akaona hili ampe dada yake alipambie ukuta.

Mama hakulitundika ukutani. Alilikalisha mapajani jioni yote, mkono wa kushoto ukiwa umeshika hewa pale ambapo shingo ingekuwa, na vidole vikicheza juu ya hewa hiyo. Baba akamtazama weee, mwishowe akauliza, "Sasa mama, hapo unapiga nini?"

"Napiga wimbo wa kuingilia," Mama akajibu. "Husikii?"

Jumapili iliyofuata tulipanda Old Moshi, na Mama akaenda moja kwa moja kwa mwalimu Godlisten wa kwaya. Alikuwa mzee mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti nzito hata anapoomba chumvi. Alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Elishilia, Krismasi nina nafasi ya gitaa la pili. La usharika analo Wilfredi, na Wilfredi hampi mtu, unamjua. Ukija na lako linaloimba, unapiga. Usipokuja nalo, nafasi hiyo nampa kijana wa kinanda."

"Na baada ya Krismasi?"

"Kinanda kikishaingia kwenye kwaya hakitoki, mwanangu. Hata wewe unajua."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, na hata mimi niliielewa. Ama Mama anapata shingo kabla ya Krismasi, ama kile kiwiliwili kinakuwa kweli ubao wa nyama. Na Krismasi kwetu si siku ya kawaida. Hiyo ndiyo siku watu wote wa mlimani wanarudi, wa Dar, wa Mwanza, hata wale ambao mwaka mzima hawapokei simu. Ukipiga gitaa siku hiyo umewapigia wote.

Mti tuliupata kwa bibi, mama yake Mama. Nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na chombo kikubwa cha mti, kirefu, kilichochongwa kutoka gogo moja la mringaringa mfano wa mtumbwi. Babu alikuwa anachachushia humo mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ya ukoo mzima. Tangu afariki hakikuguswa, na kuku walikuwa wanatagia ndani. Mama alikizunguka, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, anajifanya hamwoni.

"Mama," Mama akasema mwishowe, "huu mti umekauka vizuri sana."

"Umekauka, eeh. Miaka yote hiyo umelowa pombe, na sasa umekauka. Kama baba yako."

"Nilikuwa naomba ubavu mmoja."

Bibi akaendelea kumenya. Baadaye akasema kwamba mti huo umewalewesha watu wa Old Moshi wote, wakiwemo wazee wa kanisa ambao hatawataja, na haoni ubaya ukiimba kidogo kabla yeye hajafa. "Ila ukiuharibu, mwingine sina. Na nisikie Krismasi, si Pasaka. Pasaka ni mbali."

Vipimo navyo tulivichukua siku hiyohiyo. Gitaa lina vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, freti, na kila kimoja kina mahali pake. Kikisogea kidogo tu, wimbo unapinda. Wilfredi alikubali tupime gitaa la usharika kwa sharti kwamba yeye mwenyewe alishike. Alikaa nalo kwenye benchi kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa. Mama hakuwa na futi kamba. Urefu wa uzi wote, kutoka kichwani hadi kwenye kidaraja cha chini, aliupima kwa mkono wake: kutoka kwapani hadi ncha ya kidole cha kati, sawasawa kabisa, kana kwamba gitaa hilo lilikatwa kwa ajili yake. Kwa freti akafanya kama ambavyo mtu yeyote aliyezaliwa kihambani, kati ya migomba, angefanya. Alitoka nje hadi kwenye mgomba wa karibu, akachuna ganda refu, bichi, linalovuja maji, akalipasua liwe ukanda mwembamba. Kwetu ganda la mgomba ndilo kamba, ndilo karatasi, ndilo kifuniko cha chungu. Mama akalilaza juu ya shingo ya gitaa na kutoboa tundu kwa pini kwenye kila freti.

"Msililoweshe," Wilfredi akasema.

"Wilfredi, hili gitaa limenyeshewa na mate yako mwaka mzima," Mama akasema. "Tulia."

Tukarudi Shirimatunda na ubavu wa mringaringa begani kwa baba, na ule ukanda umezungushwa shingoni mwangu. Ukanda Mama aliutundika jikoni, juu ya moto, pale tulipokuwa tunatundika mbegu za mahindi ili wadudu wasizile. Ukakaa hapo wiki kadhaa wakati shingo inachongwa.

Sijui kama nimewahi kufurahia kazi kama ile. Aliazima msumeno na randa kwa fundi jirani, patasi akanunua sokoni. Siku ya kwanza randa ilipopita juu ya ule ubao, harufu ya babu ikatoka. Juu ulikuwa mweusi, umekufa, hauna harufu. Lakini chini ya ule weusi mti ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mlikuwa na mbege yote iliyowahi kunywewa kwenye misiba, arusi na siku za kawaida. Majirani walipita wakauliza tunapika nini. Maranda yalidondoka yamejikunja kama nywele za mzungu, nami niliyaweka ndani ya mto wangu wa kulalia, ukawa unanukia hadi shuleni mwalimu akaniuliza maswali.

Mfereji ulichimbwa katikati ya shingo, tukalaza humo kipande chembamba cha nondo ili nyuzi zisiipinde. Juu tukabandika kibao cha loliondo, mti mgumu unaokaa kimya hata ukiupiga nyundo. Mgongo wa shingo ndio ulikuwa kazi. Mama hakuwa na kielelezo cha kuiga. Alikuwa anafumba macho, anaikumbatia kwa kiganja, anapandisha na kushusha mkono, kisha anafumbua na kukwangua kidogo kwa kipande cha kioo. Anafumba tena. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anangoja mkono ukumbuke.

Kazi yangu ilikuwa shavu. Mama aligundua kwamba mahali ambapo vidole vyake vyenye sugu havisikii kitu, shavu langu linasikia. Kwa hiyo kila alipomaliza kukwangua nilipitisha shavu kwenye mti kutoka juu hadi chini, taratibu, na panapokwaruza nasema hapa. Anapiga msasa. Nasema hapa tena. Baba alirudi kutoka mlimani akanikuta nimelala juu ya ubao, mama yangu akisubiri majibu.

"Huyu mtoto anaumwa?"

"Anapima," Mama akasema. "Usimsumbue fundi."

Freti tulizitengeneza kwa fito za shaba za watu wa kuchomelea, tukazikata na kuzipiga tupa. Siku ya kuzipanda Mama aliushusha ule ukanda wa mgomba kutoka juu ya moto, umekuwa wa kahawia na unalia kama karatasi, akaulaza juu ya loliondo, akafuata matundu yake moja moja kwa kisu. Nilishika taa ingawa ilikuwa mchana, kwa sababu niliona kazi kubwa kama ile inahitaji mtu ashike taa.

Kisha kidaraja cha chini, tukakifunga kwa skrubu pale mkono wa Mama ulipoishia, na nyuzi. Fundi redio akatuunganishia waya kwenye redio kaseti. Mama akakaa kwenye kizingiti cha jiko, akazipiga nyuzi zote bila kuzibonyeza, na sauti iliyotoka ilifanya kuku wasimame. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uvivu fulani, kama mtu anayeongea baada ya kushiba. Halafu akaanza kubonyeza na kupanda.

Freti za kwanza zilivumilika. Kadiri alivyopanda shingo, ndivyo kila sauti ilivyoangukia chini kidogo ya pale ilipotakiwa, na ile inayofuata chini zaidi, kama mgeni wa baba aliyeanza mlima kwa mbio. Alipofika katikati ya shingo, wimbo ulikuwa umekaa kando ya njia, unahema. Mama akakaza nyuzi upya. Ikawa vilevile. Akalegeza, akakaza, ikawa vilevile. Baba alikuwa anafungua begi lake.

"Mbona linaimba kama mtu anayeumwa jino?"

Mama alizima redio, akaliweka gitaa nyuma ya mlango, uso ukiwa umegeukia ukutani. Krismasi ilikuwa imekaribia, watu wa Dar walishaanza kupiga simu kuuliza kama barabara ni nzuri. Siku kadhaa hakuligusa. Alikuwa anapika, anafua, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa. Huo utulivu ndio ulionitisha.

Sasa, mimi nilikuwa na maelezo. Baba alikuwa ameniambia kwamba kule juu mlimani maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa, ndiyo maana maharage hayaivi hata ukiyaimbia. Aliniambia pakiti za biskuti zinavimba kama ngoma kadiri unavyopanda, na kalamu zinatapika wino. Nilikuwa nimeziona pakiti zenyewe. Na siku moja, akinitania, alisema hata sauti ya mtu kule juu inabadilika. Mimi nikayajumlisha. Kama biskuti zinavimba juu na kusinyaa chini, basi na sauti ni hivyohivyo. Zile freti tulizipima Old Moshi. Zilikuwa freti za juu, kwa ajili ya sauti za juu, na sisi tumezileta bondeni kwenye joto, ambako sauti ni fupi. Haziendani. Jambo lilikuwa wazi kiasi kwamba niliona aibu kwa niaba ya watu wazima.

Nilimwambia Mama akiwa anakuna nazi. Alinisikiliza hadi mwisho, na siku zote nitamshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo likipanda Old Moshi litapona?"

"Litapona lenyewe."

Akacheka hadi akaweka nazi chini. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini kesho yake, jua likiwa halijachomoza vizuri, nilimkuta amevaa viatu, gitaa amelifunga mgongoni kwa kanga, kichwa chake chenye funguo kinachungulia begani.

"Vaa sweta. Twende."

"Wapi?"

"Sijui. Juu."

Nimeondoka asubuhi nyingi sana tangu wakati ule, na zote nimeziiga kutoka kwa ile. Mama hakuwa na mpango. Hakuwa amempigia mtu simu. Alitembea tu kuelekea mlimani kama mtu anayempeleka mgonjwa, na mimi nyuma yake na ule ukanda wa mgomba mkononi, kwa sababu nilijua tutahitaji ushahidi. Tulipokata mji na kuanza kupanda, hewa ikawa ya kahawa na samadi, na maji yakaanza kusikika kwenye mifereji. Mwanamke mmoja aliyejitwisha mkungu wa ndizi alitazama mgongo wa Mama kwa huruma.

"Pole, mama. Mtoto ana nini?"

"Shingo," Mama akasema. "Imemkaa vibaya."

"Mpeleke mapema."

"Ndiyo nampeleka."

Nilidai tupumzike mara kwa mara ili tupime kama limeanza kupona. Tulikuwa tunakaa kando ya mfereji, Mama anabonyeza, mimi naweka sikio kwenye mti maana bila umeme lilikuwa na sauti ndogo ya mbu. Bado linaanguka. Nikasema hatujafika juu vya kutosha. Tukapanda. Bado. Nikasema Old Moshi yenyewe iko mbele. Mama hakubishana. Nadhani alikuwa anafurahia kuwa na mtu anayeamini kwa niaba yake.

Kanisani tulikuta mwalimu Godlisten na Wilfredi wanafanya mazoezi. Nikatoa shikamoo zangu haraka. Mwalimu alimkaribia Mama kumpa mkono, akasita, pua ikacheza.

"Elishilia. Umepitia wapi asubuhi hii?"

"Sijapita popote. Nimetoka nyumbani."

"Na nyumbani mmeamkia nini?"

"Ni gitaa, mwalimu. Si mimi."

Alidhani anadanganywa. Mama akalifungua kutoka kwenye kanga, akampa shingo. Mgongo wa Mama ulikuwa umeipasha joto njia nzima, na ilikuwa inanukia kama arusi. Mwalimu aliiinamia, akanusa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa kwa mtu wa kanisa.

"Huu si mtumbwi wa marehemu baba yako?"

"Ndio."

"Nilidhani naufahamu," akasema, na kurudisha miwani yake mahali pake. Wilfredi akakohoa.

Walichomeka waya kwenye spika ya kwaya. Nilisimama katikati ya kanisa nikiwa na uhakika wote wa dunia. Mama akapiga wazi, nzuri. Akapanda. Likaanguka palepale lilipokuwa linaangukia Shirimatunda, freti kwa freti, halikujali kabisa kwamba tumepanda. Wilfredi akatazama dari kwa heshima. Mama akalitua gitaa kwenye benchi polepole, na nikaona anatafuta maneno ya kumwambia mwalimu ampe nafasi yule kijana wa kinanda.

Mimi nililia, lakini nilikuwa mtoto mbishi hata nikilia. Nikachukua ule ukanda, nikaenda kwenye gitaa la usharika kuwaonyesha kwamba matundu ni yaleyale, kwamba Mama hakukosea. Nikaulaza. Tundu la kwanza likakaa. La pili likakaa karibu. Halafu yakaanza kubaki nyuma, kila moja zaidi ya mwenzake, na tundu la mwisho likaishia upana wa kidole kabla ya freti ya mwisho.

"Nani amerefusha gitaa langu?" Wilfredi akauliza.

Mama aliushika ule ukanda, akaukunja, ukalia kakaka. Akatoka nje, akachuna ganda jingine bichi kwenye mgomba uleule, akarudi nalo linavuja maji, akayalaza mawili pamoja, lile nene na hili lililokauka. Halafu akakaa sakafuni, kwenye sakafu ya kanisa, akacheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nimelikausha. Nimelitundika juu ya moto kama samaki, wiki zote zile, halafu nikapimia hilohilo."

"Kwa hiyo limesinyaa," nikasema.

"Limesinyaa, mwanangu."

"Liliposhuka chini."

Alinitazama. "Eeh. Liliposhuka chini."

Nilijifuta kamasi. Nilikuwa nimekosea kuhusu sauti, lakini kitu fulani kilikuwa kimesinyaa njiani kama nilivyosema, na hilo lilinirudishia heshima yangu. Mwalimu Godlisten alisema ni huzuni, maana freti haziwezi kung'olewa na kupandwa upya kabla ya Krismasi bila kuupasua ubao, na ubao ndio huo. Nikawauliza, kama shingo imesinyaa, kwa nini na mwili nao usisinyae. Wilfredi akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anakiangalia kile kidaraja cha chini kinachoshika nyuzi, ambacho yeye alikipima kwa mkono, na mkono hausinyai. Kilikuwa kimefungwa kwa skrubu. Skrubu zinafunguka.

"Mwalimu, una bisibisi?"

Walikisogeza kuelekea shingoni kidogo kidogo. Kila kikisogea, mimi nabonyeza katikati ya shingo, Mama anapiga, wanasikiliza kama sauti ile inaitikia ile ya uzi ulio wazi. Kidogo. Bado. Kidogo tena. Hata Wilfredi alipiga magoti, akaliacha gitaa la usharika peke yake kwenye benchi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kidaraja kiliposogea kiasi cha upana wa kidole gumba, sauti mbili zikaingiana, na ikawa kama mtu amefunga mlango uliokuwa unapigwa na upepo. Mama akapanda shingo yote hadi mwisho. Wimbo haukukaa popote kando ya njia.

Krismasi gitaa lilipigwa. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye mibuni, akina baba wa Dar na suti zao, watoto wao wanaogopa ng'ombe. Bibi alikaa mbele kabisa, kilemba kipya, mikono juu ya fimbo. Gitaa la Mama lilikuwa fupi kidogo kuliko magitaa mengine duniani, na hakuna aliyejua. Wimbo wa tatu au wa nne, shingo ilipopata moto wa mkono, ile harufu ikaanza kutembea kwenye mabenchi. Niliwaona wazee wanageuka, mmoja baada ya mwingine, wananusa, wanatabasamu kwa siri. Bibi akaniinamia sikioni.

"Babu yako nilimwomba maisha yake yote aje kanisani siku ya Krismasi. Mae, leo kaja."

Kijana wa kinanda alikuja kupata nafasi baadaye, pembeni, kwenye besi. Mama hakutolewa.

Shule niliiacha kidato cha pili, na sina kisa kikubwa cha kusimulia kuhusu hilo. Kila walichonifundisha nilitaka kwenda kukiona mahali kilipo, na darasa lina madirisha tu. Nimeuza vitunguu Mang'ola, nimepika mgodini, nimeishi na wavuna chumvi. Popote ninapofika huwa nagusa mbao za mlango kwa shavu kama hakuna anayenitazama.

Singida tulifika alasiri. Ina mawe makubwa yaliyobebana, ziwa linalong'aa katikati ya mji, na upepo usiochoka. Dereva akaniteremsha, akaniombea dua kuhusu jiko nililolikimbia. Niliuliza uliza hadi nikapata chumba kwa mama mmoja mnene mchangamfu, chenye kitanda, ndoo, na mlango uliovimba usiofungika bila kusukumwa kwa nyonga. Nikaukubali kwa sababu ya mlango. Nilipotua begi nikampigia Mama simu.

"Unalala wapi leo?" akauliza. Siku hizi amerudi Old Moshi, na hashangai tena.

"Singida."

"Huko ni juu au chini?"

Huwa anauliza hivyo kila nikifika mahali papya. Sikuwa najua jibu. Nikatoa kichwa nje nikamuuliza mwenye nyumba, aliyekuwa anaanua nguo.

"Samahani, mama. Hapa ni juu au chini?"

Alisimama na kanga mkononi. "Juu ya nini?"

Mama alimsikia, akacheka sana. Halafu akasema ngoja, nikasikia simu inawekwa juu ya meza, kiti kinasogezwa, waya unachomekwa. Akapiga uzi mmoja, wazi. Kisha akabonyeza katikati ya shingo, akaupiga tena, nikaisikia sauti ya pili inakuja na kukaa juu ya ile ya kwanza.

"Imefika sawasawa?"

"Imefika sawasawa, Mama."

"Haya. Funga mlango, ule, ulale."

Nikausukuma mlango kwa nyonga.